Bill Evans, Wenzake Wawili na Nyimbo za Zamani

Neno jazi si geni kwa wasomaji wetu. Mwaka 1953 Joseph Kabasele aliliita kundi lake la Léopoldville kwa jina la African Jazz. Miaka mitatu baadaye likazaliwa OK Jazz. Na mwaka 1960 Louis Armstrong mwenyewe, yule mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, alifika Kongo akapiga Léopoldville na Elisabethville. Walakini jina ni jambo moja, na kitu chenyewe ni jambo lingine. Muziki wa Kabasele ulikuwa rumba, na watu waliupokea kwa miguu. Jazi tutakayoieleza hapa haichezwi. Haina mwimbaji wala tarumbeta. Ina piano, ina ngoma, na ina kontrabasi, yaani fidla kubwa ile inayosimama chini, na mpigaji wake huikumbatia kama mtu anayemshika ndugu yake asianguke. Watu watatu, basi.

Twataka kusimulia juu ya sahani za gramafoni zilizotoka katika siku moja tu, Dominika ya tarehe 25 Juni 1961, mjini New York. Mwenye piano siku ile alikuwa Bill Evans. Mwenye kontrabasi alikuwa Scott LaFaro, na mwenye ngoma Paul Motian. Nyingi katika nyimbo walizopiga hazikuwa zao. Zilikuwa nyimbo za zamani za tiyatro na za sinema, nyimbo ambazo watu wa mji ule walizipiga kwa mluzi wakiwa kazini. Imepita miaka zaidi ya sitini, na watu bado wanazinunua sahani hizo na kuzisikiliza. Tutajaribu kuonyesha kwa nini.

Nyimbo hizo zilikuwa za namna gani? Tangu miaka ya 1920 mpaka ya 1950, New York ilikuwa na tiyatro nyingi ambamo hadithi ziliigizwa kwa nyimbo, na sinema nazo zikafuata desturi hiyohiyo. Wengi wa watungaji walikuwa wana wa wahamiaji: wazazi wa George Gershwin, kwa mfano, walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi. Kazi yao ilikuwa biashara. Wimbo ulitungwa upesi, ukaimbwa jukwaani, ukauzwa kwa karatasi, ukatangazwa kwa redio. Ukipendwa, mtungaji alikula. Usipopendwa, alitunga mwingine. Umbo lake lilikuwa moja karibu sikuzote, yaani vipimo 32 vilivyogawanyika katika mafungu manne. Mara nyingi fungu la kwanza hurudiwa, la tatu hushika njia nyingine, na la nne hurudi nyumbani. Wenye elimu kubwa ya muziki walizidharau nyimbo hizo. Hatusemi kwamba walikosea kabisa. Nyingi zilikuwa tamu kama sukari, na kama sukari zikayeyuka.

Lakini wapigaji wa jazi, ambao wa kwanza wao walikuwa Waamerika weusi, waliona ndani ya nyimbo hizo kitu ambacho watungaji wenyewe hawakukikusudia. Chini ya kila wimbo yako mapatano ya sauti, yaani sauti tatu nne zinazopigwa pamoja na kubadilika kwa utaratibu wake, kama ufanyavyo mkono wa kushoto wa mpiga kinanda kanisani wakati waamini wanapoimba. Mpiga jazi huanza kwa kuupiga wimbo jinsi ulivyo. Kisha huuacha, lakini mapatano yake hayaachi. Huzunguka tena vipimo vyote 32, na tena, na tena, akitunga papo hapo wimbo mpya juu ya msingi uleule. Mwishoni huurudia ule wa kwanza. Ndiyo maana wimbo wa zamani unafaa kuliko mpya. Msikilizaji anao tayari kichwani, na kila mpigaji anapotoka njiani, yeye hutambua ametoka kwa hatua ngapi. Ni kama mzee asimuliapo usiku hadithi ambayo kijiji kizima chaijua. Hakuna aulizaye mwisho wake. Watu husikiliza namna anavyoisimulia.

Bill Evans alizaliwa tarehe 16 Agosti 1929 mjini Plainfield, katika jimbo la New Jersey. Kaka yake Harry ndiye aliyeanza kufundishwa piano, na mdogo akashika kwa masikio kabla hajafundishwa kwa vidole. Alisoma muziki katika koleji moja ya Louisiana, akamaliza mwaka 1950, akatumikia jeshi kwa miaka mitatu, kisha akaja kutafuta riziki New York. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, mpole wa maneno. Akipiga, aliinama mpaka uso wake ukakaribia piano, hata ungesema anatafuta kitu kilichodondoka katikati ya funguo zake. Nyumbani alizoea kumpiga Bach, fundi yule wa kale wa Ujerumani. Sahani yake ya kwanza ilinaswa mwaka 1956, na katika mwaka mzima ikauzwa nakala 800 hivi. Ndani yake mlikuwa na wimbo mfupi aliomtungia binti mdogo wa kaka yake, jina lake Debby. Wimbo huo tutaukuta tena.

Mwaka 1958 Miles Davis, mpiga tarumbeta mweusi aliyekuwa mkubwa wa wote wakati ule, alimchukua katika kundi lake la watu sita. Evans peke yake alikuwa mweupe. Katika vilabu vingine wasikilizaji weusi hawakupendezwa kumwona pale, na tukikumbuka jinsi weupe wa Marekani walivyowafungia weusi milango mingi siku zile, hatuwezi kushangaa. Davis hakujali; alitaka sauti ile ya piano. Evans alikaa naye miezi michache tu, akachoka, akaondoka. Lakini mwaka 1959 aliitwa tena kupiga katika sahani iitwayo Kind of Blue, nayo imejulikana duniani kote. Baada ya hapo aliweza kupata kazi mahali popote. Yeye alitaka watu wawili tu.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jambo lote liko hapa. Kwa desturi ya wakati ule, watatu wa piano, kontrabasi na ngoma walikaa kama bwana na watumishi wawili. Bwana alikuwa piano. Kontrabasi ilitembea, sauti nne katika kila kipimo, hatua kwa hatua, ili bwana asijikwae. Ngoma ilishika saa. Zamu ya kontrabasi ikifika, wengine walinyamaza, yeye akasema maneno yake machache, kisha akarudi kwenye kutembea. Tena mpiga piano, kwa mkono wake wa kushoto, aligusa kila mara sauti ya chini kabisa ya mapatano, ile ambayo zote nyingine husimama juu yake.

Evans aliiacha sauti hiyo. Mkono wake wa kushoto ulishika zile za katikati tu, tatu au nne zilizobanana karibukaribu, na pale chini pakabaki pengo. Mtu asiyejua aweza kudhani ni kosa, kama nyumba isiyo na msingi. Kumbe lilikuwa pengo la makusudi. Aliwacha mahali hapo pawe pa mwenzake. Naye mwenzake asipotaka kuitoa sauti ile ya chini wakati ule, bali akataka kupanda juu na kujibu wimbo kwa wimbo, basi na apande. Msikilizaji angeisikia sauti iliyokosekana kwa akili yake, kwa kuwa wimbo anaujua.

Sasa ilimpasa kumpata mtu wa kuijaza nafasi hiyo. Mwisho wa mwaka 1959 Evans alipata kazi katika kilabu kimoja, na wapigaji wa kontrabasi na wa ngoma walikuja na kuondoka, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili. Paul Motian alikuwa mwana wa Waarmenia, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1931. Hakuwa mtu wa kelele. Mara nyingi aliacha fimbo, akatumia fagio ndogo za nyuzi za chuma, akazipitisha juu ya ngozi ya ngoma kama mtu anayefagia uani asubuhi watu wakiwa wamelala. Na matoazi yake aliyagusa pale tu palipohitaji kuguswa. Scott LaFaro alizaliwa mwaka 1936, akakulia Geneva, mji mdogo katika jimbo la New York, na baba yake alikuwa mpiga fidla. Yeye mwenyewe alianza na klarineti, kisha saksofoni. Kontrabasi aliishika akiwa na umri wa miaka 18. Hesabuni wenyewe: alipokutana na Evans alikuwa ameipiga kwa miaka mitano hivi, na hakuna mtu New York aliyeweza kuipiga kwa wepesi ule. Chombo chake kilikuwa cha kale, kilichotengenezwa na Abraham Prescott wa Concord, New Hampshire, karibu na mwaka 1825. Vidole vyake vilipita juu yake kama juu ya gitaa.

Tarehe 28 Desemba 1959 waliingia pamoja katika chumba cha kunasia sauti cha kampuni ya Riverside, wakatoa sahani iitwayo Portrait in Jazz. Sikilizeni ndani yake Autumn Leaves. Asili yake ni Ufaransa: sauti zilitungwa na Joseph Kosma, mzaliwa wa Budapest aliyekimbilia Paris, na maneno yaliandikwa na Jacques Prévert, watu waliusikia katika sinema ya mwaka 1946. Johnny Mercer akautia maneno ya Kiingereza, na mwaka 1955 ulipigwa Marekani mpaka watu wakauchoka. Hakuna hoteli iliyokuwa na piano isiyokuwa na wimbo huo. Evans na wenzake waliupiga upesi, bila machozi. Wimbo ulipokwisha mara ya kwanza, msikilizaji alingoja piano ishike njia yake kama ilivyo desturi. Haikushika. Kontrabasi ilisema neno, piano ikajibu nusu, ngoma ikadakia, kontrabasi ikarudi kwa neno lingine. Na kwa muda hakuna awezaye kusema nani anaongoza. Hata hivyo vipimo 32 havikupotea hata kimoja. Wote watatu walivihesabu kimyakimya, kila mmoja kichwani mwake. Baadaye tu ndipo kontrabasi ilipoanza kutembea, na muziki ukaenda mbio kama motokaa iliyofika barabara nzuri.

Twaona maajabu yake hapo. Si wepesi wa vidole. Wenye vidole vyepesi walikuwa wengi. Ajabu ni kwamba kila mmoja alimwachia mwenziwe nafasi, wala nafasi hiyo haikuwa ombwe.

Watatu hawa walikaa pamoja muda usiofika miaka miwili. Katika Februari 1961 walinasa sahani ya pili, Explorations. Halafu mwezi wa Juni walipata kazi ya majuma mawili katika Village Vanguard.

Asije mtu akawaza jumba kubwa. Village Vanguard ni chumba kilicho chini ya ardhi, katika barabara iitwayo Seventh Avenue South. Mtu huteremka ngazi nyembamba na kuingia mahali penye pembe tatu, pana huku na pembamba kule, mnamokaa watu 123 tu. Max Gordon, mhamiaji kutoka Lithuania, alikifungua kilabu chake hapo mwaka 1935, kwanza kwa washairi na wachekeshaji, baadaye kwa jazi. Siku ya mwisho ya majuma yale mawili ilikuwa Dominika ya tarehe 25. Bwana Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside alileta mashini za kunasa sauti zinazochukulika, pamoja na fundi Dave Jones. Walikubaliana kunasa yote, mchana na usiku: mapigo mawili ya mchana, matatu ya jioni.

Mwanzo haukuwa mwema. Walipokuwa wakipiga wimbo wa kwanza, umeme ulikatika, jambo ambalo wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa. Utepe ukasimama, kisha ukaendelea, na watatu wale wakaendelea na kazi yao.

Siku ile walipiga nyimbo 13, nyingine mara mbili au tatu, hata ikawa 22 kwa jumla. Mbili zilitungwa na LaFaro, mbili zilikuwa za Miles Davis, na moja ni ile ya mtoto Debby. Nane zilizobaki zilikuwa nyimbo za zamani. Alice in Wonderland ilitoka katika sinema ya watoto ya Walt Disney ya mwaka 1951. My Romance ni ya Richard Rodgers na Lorenz Hart, ya mwaka 1935, katika mchezo ulioonyeshwa pamoja na wanyama wa sarakasi. My Foolish Heart ilitoka katika sinema ya mwaka 1949, na wakosaji wake hawakuona lolote zuri ndani yake. Evans aliipiga polepole sana, kila sauti ikisubiriwa mpaka iishe, wala hakutunga kitu juu yake kwa kujionyesha; aliupiga wimbo wenyewe tu. Motian alikuwa nyuma yake kama pumzi. Tukitaka kumweleza mtu kwa nini wimbo wa sinema waweza kuwa kitu kikubwa, tungemwekea sahani hiyo na kunyamaza.

Kutoka kwa Gershwin walipiga nyimbo mbili za opera iitwayo Porgy and Bess, ya mwaka 1935, hadithi ya maskini weusi wa Charleston, katika pwani ya South Carolina. Mmoja wa nyimbo hizo ni My Man's Gone Now. Katika opera huimbwa na mama Serena, mumewe ameuawa katika ugomvi wa kamari, na majirani wamekuja matangani kuchanga fedha za maziko. Ni kilio cha mjane. Hapa hakuna sauti ya mwanamke wala maneno. Piano yaanza kwa uzito. Lakini kontrabasi haiketi chini yake kama jeneza lilalavyo. Yapanda, yauliza, yakatiza, hata unasikia kilio cha watu wawili kwa pamoja, kama matanga yalivyo kweli: hakuna aliaye peke yake, tena hakuna aliaye sawasawa na mwenziwe.

Twataka kutaja mmoja zaidi, Some Other Time, wa Leonard Bernstein, kutoka mchezo wa mwaka 1944. Wakati ule vita vilikuwa bado, na mchezo ulisimulia juu ya mabaharia watatu waliopewa ruhusa ya siku moja New York kabla ya kurudi melini. Saa zimekwisha, mambo mengi hayakusemwa wala kufanywa, nao waimba kwa kuagana. Evans aliujua wimbo huo kwa muda mrefu. Mwaka 1958 alipokuwa akitafuta namna ya kuuanza, mkono wake wa kushoto ulikuta mapatano mawili yanayobembea, huku na huku, kama mtumbwi uliofungwa. Akaacha wimbo, akabaki na yale mawili, akatunga juu yake kipande chake mwenyewe, Peace Piece. Dominika ile aliurudisha wimbo mahali pake juu ya mapatano yaleyale. LaFaro, aliyekuwa na maneno mengi katika nyimbo nyingine, katika huu alisema machache.

Na watu waliokuwamo chumbani, walifanya nini? Utepe umehifadhi hilo pia. Zasikika bilauri zikigongana. Yupo anayecheka katikati ya wimbo wa huzuni. Wengine wanazungumza, na ukisikiliza kwa uangalifu unatambua kwamba hawazungumzi juu ya muziki. Makofi ni ya watu wachache, makofi ya adabu. Wametoka zao Dominika mchana, wamenunua kinywaji, na katika pembe moja wako vijana watatu wanapiga nyimbo ambazo wao wanazijua tangu zamani. Hatuwezi kuwalaumu, nani angewaambia? Evans hakugeuka kuwatazama. Sisi tulio mbali kwa miaka na kwa bahari twawasikia hao waliokuwa karibu wakizungumza, na twatamani kuwanyamazisha.

Karibu na mwisho wa usiku walipiga Jade Visions, mojawapo ya zile mbili za LaFaro, mara mbili. Kisha wakafunga vyombo vyao.

Tarehe 3 Julai LaFaro alikuwa Newport, akipiga pamoja na Stan Getz, mpiga saksofoni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 alikuwa akiendesha motokaa si mbali na Geneva, mji ule aliokulia, pamoja na rafiki yake. Motokaa iliacha barabara, ikagonga mti. Wote wawili walikufa. Scott LaFaro alikuwa na umri wa miaka 25. Tangu Dominika ile ya Village Vanguard zilikuwa zimepita siku 11. Chombo chake cha kale nacho kiliharibika katika ajali hiyo. Mafundi walikitengeneza baada ya miaka mingi, na wengine wamekipiga tena.

Evans alipopata habari alikuwa kama mtu aliyepigwa kichwani. Kwa miezi mingi hakupiga mbele ya watu, na nyumbani mwake hata piano yake ilikaa kimya. Lakini zile tepe zilikuwapo, na ikampasa kuketi na Keepnews kuzisikiliza zote na kuchagua. Tufikirie kazi hiyo. Walichagua kwanza zile ambamo LaFaro alisikika zaidi. Sahani ya kwanza, Sunday at the Village Vanguard, ilitoka mwaka uleule wa 1961. Yaanza kwa wimbo wa LaFaro na kumalizika kwa wimbo wa LaFaro. Ya pili, Waltz for Debby, ilifuata mwaka 1962, nayo yaanza na My Foolish Heart.

Mwaka huo wa 1962 Evans alirudi kazini pamoja na mpiga kontrabasi mwingine, Chuck Israels, mtu hodari; na baada yake wengine, na wengine. Aliendelea kuliacha lile pengo la chini katika mkono wake wa kushoto. Ilikuwa namna yake ya kupiga, hakuweza kupiga vingine. Kila mpiga kontrabasi aliyekuja alilikuta linamngoja, na kila mmoja alijua ni nani aliyekuwamo kabla yake.

Hatutaficha jambo lingine, kwa kuwa limeandikwa katika kila kitabu juu yake. Bill Evans alikuwa mtumwa wa heroini tangu miaka ya 1950, na baada ya kufa kwa LaFaro haikupungua. Ilikula fedha zake, meno yake, ini lake. Aliwakopa rafiki mpaka wakamwepuka. Baadaye aliiacha kwa miaka kadhaa, akaoa, akapata mtoto wa kiume. Mwaka 1979 kaka yake Harry, yule baba wa Debby, alijiua. Evans alikuwa amekwisha kuanguka tena, safari hii katika kokaini, na hakuinuka. Alikufa New York tarehe 15 Septemba 1980, akiwa na miaka 51, akazikwa Louisiana karibu na kaka yake. Wako wanaosema kwamba sumu hiyo ndiyo iliyompa muziki ule. Sisi hatusadiki. Mtu aliyesikiliza wenzake kwa makini namna ile, ndiye aliyeupiga muziki. Sumu iliuchukua tu, kidogo kidogo.

Namna ile ya watatu kuzungumza haikufa naye. Katika Januari 1983 mpiga piano Keith Jarrett aliingia chumba cha kunasia sauti New York pamoja na Gary Peacock wa kontrabasi na Jack DeJohnette wa ngoma. Wakati ule vijana wa jazi waliona haya kupiga nyimbo za zamani. Zilikuwa vitu vya baba zao. Jarrett alichagua hizohizo, na sahani zake akaziita Standards, jina ambalo watu wa Marekani huziita nyimbo za namna hiyo. Peacock alikuwa amepiga na Evans mwaka 1963, na DeJohnette mwaka 1968. Watatu hao waliendelea pamoja kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 2005 tepe zote za Dominika ile zilitolewa kwa utaratibu wake, pamoja na umeme uliokatika na maneno machache waliyoambiana wapigaji kati ya wimbo na wimbo. Na Maktaba ya Bunge la Marekani imeziingiza katika orodha ya sauti zinazopaswa kutunzwa kwa ajili ya taifa.

Paul Motian aliishi kuliko wote wawili. Kuanzia mwaka 1988 alinasa sahani kadhaa zenye jina la On Broadway, ambamo alizirudia nyimbo za tiyatro za zamani kwa gitaa na saksofoni. Uzeeni hakupenda tena kusafiri. Alipiga New York tu, na mara nyingi katika Village Vanguard, akiteremka ngazi zilezile na ngoma yake, mpaka mwaka 2011, alipofariki tarehe 22 Novemba akiwa na miaka 80.